Geti Lilikuwa Wazi

Juzi mtu katuma video kwenye grupu la familia. Vijana wenye traksuti za kijani wanaruka ukuta wa uwanja wa mpira mchana kweupe. Mabegi yametangulia kurushwa, wakafuata wachezaji, halafu kocha mwenye kitambi anasukumwa makalioni na wenzake mpaka anaangukia upande wa pili. Pembeni yao, hatua chache tu, geti kubwa la uwanja liko wazi na mlinzi kasimama kashika kiuno. Ilikuwa mechi ya kombe, zile raundi za mwanzo mwanzo timu ndogo zinapochujwa. Grupu zima likacheka. Binamu zangu wakajaza vile vikatuni vya machozi ya kicheko, shangazi yangu mmoja akatuma sauti anacheka mpaka anakohoa. Nikabonyeza kuangalia nani kaiona, na jina la Mjomba Kassimu lilikuwemo. Hakuandika kitu. Mie pia sikuandika, maana ningeandika ningetukana.

Nyie tuliokua pamoja enzi za mgao wa umeme na mpira wa redioni mtanielewa. Kuna mambo nchi hii unayaona ukiwa mtoto, unajiambia wakubwa hawa wakizeeka yatakwisha. Halafu unakua, unavaa miwani, unahamia Sinza, unalipa kodi ya nyumba, na unayakuta yapo vilevile, ila sasa yanarekodiwa kwa simu nzuri. Hilo ndilo linalonichoma. Si kwamba watu wanaruka ukuta. Ni kwamba wanaruka ukuta ule ule uliokwisha kutuumiza, na sie tunacheka.

Mjomba Kassimu ni mdogo wake Mama. Alikaa kwetu Tandika, kwenye chumba cha uani, na alikuwa kipa wa timu ya mtaa iliyoitwa Wape Salamu. Msiniulize nani alichagua jina hilo, nilishauliza sana. Alikuwa mrefu, mpole, ana mikono mipana ya kubebea ndoo za maji bila kumwaga tone, na asubuhi nikichelewa shule yeye ndiye aliyenifunga kamba za viatu, akizikaza mpaka vidole vinabanana. Glovu zake zilikaa kwenye kamba ya nguo, katikati ya sketi zangu za shule. Zilinuka jasho, mpira wa ndani wa baiskeli na dawa ya kuchua, ile kali inayokutoa machozi ukiisogelea. Moja ilishachanika kidole gumba, Mama akaishona kwa uzi mweusi. Mpaka leo nikiingia duka la dawa nikakutana na harufu ile, namtafuta mtu mrefu nyuma yangu.

Baba hakuwa na ugomvi na mpira. Ugomvi wake ulikuwa na mtu mzima anayeshinda nyumbani. Baba alikuwa karani bandarini, mtu wa kunyoosha shati kila siku ya Mungu, na kwake kazi ilikuwa kitu unachokwenda asubuhi na kurudi jioni umechoka. Alikuwa amemtafutia shemeji yake kazi ya ulinzi kwenye godauni moja upande wa Ukonga, yenye chumba humo humo. Mjomba akawa anapiga chenga. Leo ana mazoezi, kesho ana mechi. Ikafika siku Baba akamweka kikao mbele ya chakula, Mama kainamia sahani yake, mie najifanya natoa mifupa kwenye samaki, wakakubaliana. Wape Salamu walikuwa wameingia kombe la nchi nzima, lile la mtoano. Maadamu timu imo kombeni, Mjomba anabaki nyumbani na hakuna wa kumgusa. Timu ikitolewa, Jumatatu inayofuata anaripoti Ukonga. Mjomba akakubali haraka mno, na Baba naye akaonekana mtu aliyeshinda kesi.

Kesho yake nilimuuliza Mjomba hilo kombe linakwendaje hadi aliwekee maisha yake. Akanituma nikaokote vizibo vya soda dukani kwa Mangi. Akavipanga kwenye jamvi uani, viwili viwili, vinatazamana. Hivi ni timu, akaniambia, na huku chini kabisa ndiko tuliko sie wa mitaani. Tunaanza wilayani, tunakwenda mkoani, tukisalimika ndipo tunakutana na wenye ligi zao. Timu za ligi kuu haziji mapema. Zinaingia baadaye, zimeoga, zimekula, wakati sie tumeshatoka damu magotini. Majina yanatiwa kwenye bakuli, mtu anachomoa, na unayemchomoa ndiye wako. Jina lililotangulia kutoka ndilo mwenyeji. Hakuna kuchagua, mkubwa na mdogo wote wamo bakuli moja.

Kisha akanipa kazi ya kufukuza. Akisema huyu kafungwa, nachukua kizibo narusha uani. Wakitoka sare, wanapiga penalti palepale, siku ileile, mpaka mmoja aende. Kila raundi jamvi lilipungua nusu, mpaka kikabaki kizibo kimoja, na chenyewe ndicho kinachopewa kombe na kwenda kuwakilisha nchi nje. Mjomba alikipenda hiki kitu jinsi watu wengine wanavyopenda wali. Aliniambia kwenye ligi mkubwa akiteleza leo ana msimu mzima wa kujipangusa, lakini huku akiteleza mara moja tu, kwaheri, anarudi kwao na basi lake zuri. Ndiyo maana mtu wa Tandika anaweza kuwa na matumaini, akasema. Tena kulikuwa na kocha mmoja wa makipa wa ligi kuu aliyemwona kwenye fainali ya mkoa, akamwambia wakipangwa na timu kubwa atakuja kumtazama, na wakivuka, kambi ipo, aje afanye majaribio.

Mie nilisikiliza yote nikaelewa nusu. Vile vizibo nilivyovifukuza nilikwenda kuviokota baadaye, nikavifuta mchanga, nikavitia kwenye kopo la siagi. Niliviweka kwa ajili ya marudiano. Redioni kila siku walisema mchezo wa marudiano. Shuleni ukifeli kuna mtihani wa kurudia. Hata nyumbani, Mama na Baba wakigombana asubuhi, jioni wanarudi mezani wanamalizana. Sikuwa nimewahi kuona kitu duniani kinachoisha mara moja tu, kwa hiyo nilidhani Mjomba kasahau kunieleza sehemu ya pili.

Basi Wape Salamu wakaenda. Wakatoa wa wilayani, wakatoa wa mkoani, mara nyingine kwa bao la kuotea, mara nyingine kwa mikono ya Mjomba kwenye penalti. Akirudi nyumbani ana tope hadi masikioni, Mama anamtia maji, anamsema, anamtilia chakula kingi. Hata Baba akaanza kuuliza ratiba, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa. Siku ya droo tulikaa sote redioni, na jina letu likatoka la kwanza. Wenyeji. La pili likatoka la timu ya ligi kuu kutoka bara, sitaitaja, wala wao hawana kosa lolote katika habari hii. Mtaa mzima ulilipuka. Mangi aligawa soda, na mnaomjua Mangi mtajua ukubwa wa jambo lenyewe.

Kiwanja chetu hakikufaa, maana katikati yake kulikuwa na njia ya watu wanaokwenda sokoni, basi mechi ikapelekwa uwanja wa kweli, wenye ukuta, majukwaa na geti. Hapo ndipo kamati ya ufundi ilipoingia kazini.

Nyie mnaijua kamati ya ufundi. Ufundi wenyewe hauhusu pasi wala kona, ni mambo ya waganga. Yetu iliongozwa na Mzee Pazi, fundi cherehani aliyeacha cherehani, ambaye nilimwamkia shikamoo kila siku nikienda shule na kila siku akaitikia bila kunitazama. Hakuwahi kupiga mpira, lakini ndiye aliyeamua jezi zifuliwe na nani, nani asitangulie kushuka kwenye gari, wachezaji walale wapi. Akavuka kwenda Kigamboni kwa mtaalamu wake, akarudi na habari. Wageni wamekwisha kufika usiku, wametega getini. Mchezaji wetu atakayepita pale, miguu itakuwa mizito hadi mwisho wa mchezo. Dawa ni moja, timu iingilie ukutani.

Mjomba alipotueleza hayo jioni alicheka, akasema labda watege na viti vya majukwaa tukae chini. Mama akamwambia anyamaze, kuta zina masikio. Baba akauliza swali moja tu, kama huyo mtaalamu ana uwezo huo, kwa nini Tandika haina maji. Na hakuna aliyekwenda kwa Mzee Pazi kumuuliza hivyo hivyo usoni, Baba akiwemo, na hilo nalo linanichoma.

Siku ya mechi, Jumamosi, tulikwenda mtaa mzima juu ya Fuso la mchanga, tumejipaka masizi na unga mashavuni, akina mama wanaimba na kupiga makopo. Timu ilitangulia kwa gari lingine. Tulipofika tuliwakuta nyuma ya uwanja, upande wa mtaro, wameshaanza kupanda. Mjomba, kwa vile ni mrefu kuliko wote, alikuwa amesimama chini kainama, wenzake wanamkanyaga mgongoni, wanamkanyaga mabegani, wanashika ukuta wanapotea upande wa pili. Mzee Pazi kakaa kivulini na kofia yake, anahesabu kwa vidole. Mie niliona ni jambo la kawaida kabisa. Nilidhani ndiyo sheria ya kombe, kwamba kwenye mtoano timu zinaingilia ukutani, na nilipoliona basi la wageni linaingia getini polepole nikamwambia Mama kwa sauti kuwa wale wanaiba. Mama akanifinya.

Wakaisha wote akabaki Mjomba. Hakuwa na mgongo wa kukanyaga. Akarudi nyuma, akakimbia, akajivuta kwa mikono ile mirefu, akakaa juu ya ukuta kama mtu anayefikiri jambo. Alitutazama mie na Mama, akanipungia. Kisha akaruka. Upande wa pili, kwenye majani, kulikuwa na tofali la saruji lililovunjika ambalo wenzake wote walilikosa kwa bahati. Hatukuona. Tulisikia tu ukimya, halafu sauti ya mtu mmoja ikasema, "Kipa."

Mama alinishika mkono tukakimbia. Hatukuzunguka kutafuta pa kupanda, tulipita getini, palepale palipotegwa, mwanamke mwenye kanga mbili na mtoto mwenye masizi mashavuni. Mlinzi akasema karibuni. Miguu yangu haikuwa mizito. Nakumbuka vizuri, maana nilikuwa nakimbia kuliko siku zote.

Tulimkuta kwenye nyasi, kiatu kimevuliwa, kifundo cha mguu wa kushoto kimevimba na kinazidi kuvimba tukikitazama. Kipa wa akiba hakuwepo, alikwenda msibani kwao Rufiji, na kamati iliyokumbuka geti haikuwa imekumbuka kutafuta mwingine. Kocha akataka kumweka beki golini. Mjomba akakataa. Alimtazama Mama, Mama akachana upindo wa kanga yake akamfunga, anakaza huku analia, anamtukana Mzee Pazi kwa sauti ya chini matusi ambayo sikuwa najua anayajua. Mjomba akaniomba nimtolee glovu begini mwake, nikamvalisha. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

Sasa nisikilizeni, maana hii ndiyo sehemu inayonifanya nigonge meza. Walicheza. Wale vijana wa Tandika, wengine makuli, mmoja muuza mitumba, walisimama mbele ya watu wanaolipwa kucheza mpira, wakawanyima. Mpira uligonga mwamba wetu, ukagonga mwamba wao. Mjomba aliruka kulia, akadaka. Akatoka kwa ngumi. Akidaka tu anabaki chini muda mrefu kuliko inavyotakiwa, anajua mwenyewe kwa nini. Jukwaani kwa nyuma yetu alikaa mtu mwenye kofia ya michezo, anaandika andika kiganjani, na Mama akaninong'oneza huenda ndiye yule kocha. Mpaka filimbi ya mwisho ubao ulikuwa haujaguswa. Tulikuwa sawa na ligi kuu. Hakuna mguu wetu hata mmoja uliokuwa mzito, isipokuwa ule uliovunjwa na dawa yetu wenyewe.

Na kwenye mtoano sare haipo. Zikaja penalti. Ya kwanza yao ilikwenda kulia, Mjomba akaifuata akaipangua, uwanja ukatikisika, Baba aliyesema hatakuja nikamwona ghafla ngazi za chini kashika kichwa kwa furaha. Lakini nahodha wao hakuwa mjinga. Alimwona Mjomba anavyoinuka. Aliona anasukumia mguu mmoja tu. Akawakusanya wenzake, akasema neno, na tangu hapo kila mpira ukaenda kushoto. Kushoto, chini, taratibu. Mjomba alijua uendako, kila mtu uwanjani alijua, na kila mara alijaribu kujirusha kwa mguu ule na mguu ukakataa. Wetu wawili wakakosa. Kikawa kizibo kimerushwa uani.

Tulitoka kwa geti. Sote, wachezaji, mashabiki, kamati, Mzee Pazi na kofia yake. Kwa kutoka geti halikuwa na neno.

Kwenye Fuso nilikaa karibu na wakubwa nikasikia kila kitu. Mzee Pazi hakuwa na huzuni, alikuwa na ushahidi. Mmeona, aliwaambia, walikuwa wametega kweli, kitu kimempata kipa na hakupita hata getini, je angepita? Watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha mtu akauliza, lakini tulifuata masharti, imekuwaje? Mzee akageuza macho polepole mpaka yakatua kwa Mama, halafu kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama.

"Kuna watu wetu wamepita getini," akasema. "Nimewaona. Wameibeba ile kitu wameipeleka ndani."

Jamani. Kifundo kilishavunjika kabla hatujapita. Tulipita kwa sababu kilishavunjika. Lakini nani angemfundisha Mzee Pazi mambo ya kabla na baada? Mama alifungua mdomo, mama mmoja akamwekea mkono gotini, akaufunga. Na mie, mtoto wa darasa la nne mwenye masizi mashavuni, nilitazama miguu yangu miwili nikaamini. Nilijua nimepita na kitu. Nikakumbuka nilivyokimbia kwa wepesi, nikaona ndivyo hasa mtu aliyebeba uchawi anavyokimbia.

Kesho yake nilizifua glovu kwa sabuni ya mche, nikazianika. Niliwaza kwenye marudiano nitazunguka uwanja mzima, nitapanda ukuta mwenyewe, hata nikivunjika. Jumatatu asubuhi Mjomba akatoka chumbani na godoro limekunjwa na kufungwa kamba, mguu umefungwa bandeji ya hospitali, anachechemea. Baba alimwambia asubiri apone, hakuna anayemfukuza. Mjomba akasema, "Shemeji, tulikubaliana." Baba alikaa mlangoni ameshika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Nadhani ile ndiyo siku pekee aliyochelewa kazini.

Nilimfuata Baba pale mlangoni nikamuuliza marudiano ni lini, ili nijue glovu zitakauka kwa wakati.

"Mtoano hauna marudiano, mama," akasema.

Nililia hadi nikatapika, wakadhani nina malaria, wakanipeleka kupimwa. Sikumwambia mtu kilichokuwa kinanila ndani. Vile vizibo kwenye kopo nilivifukia nyuma ya choo, na kwa muda mrefu sana, hata nikiwa msichana mkubwa, nilikuwaga nikikuta geti lolote la ofisi, la kanisa, la shule, nasubiri mtu mwingine atangulie.

Yule mtu mwenye kofia ya michezo hakuonekana tena. Wape Salamu walivunjika mwaka uliofuata kwa ugomvi wa jezi. Mzee Pazi alifariki akiwa na heshima zake zote, na msibani watu walisimulia jinsi alivyoifikisha timu ya mtaa hadi ligi kuu ikahema. Mjomba bado yuko godauni lile lile.

Sasa baada ya video hii sikuweza kutulia. Jumapili nikachukua bodaboda hadi Ukonga, nimebeba maandazi. Mjomba amekuwa mtu mzima, mvi hadi kwenye nyusi, sare ya bluu imepauka mabegani, na mguu wa kushoto unajua mvua kabla ya redio. Nilimwamkia, akanivutia kiti cha plastiki kivulini mwa kibanda chake. Tukala. Tukapeana habari za Mama, za sukari yake, za watoto. Nikamtolea video. Akaitazama bila kucheka hadi mwisho, akanirudishia simu.

"Mjomba," nikamwambia, na sauti ikanitoka mbaya, "mie miaka yote ile nilijua ni mimi niliyekuvunja mguu. Kwa kupita pale getini."

Aliacha kutafuna. Hakuwa anajua. Alikuwa gari jingine siku ile, amelazwa kiti cha nyuma, na Mama hakuwahi kumwambia yaliyosemwa kwenye Fuso. Nikamsimulia. Wakati namsimulia hasira zikapanda upya, nikamuuliza kwa ukali nisiopaswa kumtolea mtu wa umri wake kama naye aliamini ule upuuzi, na kama hakuamini kwa nini hakupita tu getini kama watu.

"Sikuamini hata siku moja," akasema. "Lakini ningepita peke yangu, halafu tufungwe? Wangesema Kassimu katuuza. Mie wangenimaliza, sawa. Ila wangemsema na dada, wangekusema na wewe mtoto, na nyie ndio mnabaki kuishi pale. Nikaona niruke yaishe."

"Walitusema hivyo hivyo, Mjomba."

Akatazama andazi mkononi mwake.

"Basi niliruka bure," akasema.

Nilitaka aghadhibike, apige ukuta teke, amtukane marehemu, afanye kitu ili hasira hii isiwe yangu peke yangu. Yeye akakung'uta sukari mapajani, akafunga maandazi yaliyobaki kwenye gazeti, akaniuliza kama nimekuja na mwamvuli, maana mguu unamwambia itanyesha. Hivyo ndivyo alivyo, na Mungu anisamehe, inanikera.

Niliaga. Geti la godauni lile ni la chuma, refu, la malori, na pembeni limekatwa mlango mdogo wa watu wa miguu. Nikaelekea pale. Mjomba akaupita mlango mdogo bila kuugusa, akaenda kuvuta komeo kubwa, akausukuma ubavu wa kwanza kwa bega mpaka ukutani, akachechemea akaufuata wa pili. Nikamwambia anaumia bure, mie natosha pale pembeni. Hakunisikiliza. Akausukuma hadi mwisho, akasimama kando ameshika kofia.

"Pita katikati," akasema.

Nikapita. Nje kijana wa bodaboda alishaanza kusogeza pikipiki yake pembeni, akaniuliza kama kuna lori linatoka. Nikamwambia hapana, ni mie tu.